Kombe la Siku Saba

Mdogo wangu alikuwa akiuza viatu vya mitumba Mchikichini. Kichwa kilipoanza kumuuma, alijifunga khanga ya mkewe kichwani akaendelea na biashara. Wenzake wakamtania, "Vipi, bi harusi, umeposwa lini?" Alicheka nao. Wiki ya pili hakucheka tena. Mwanga ulimchoma macho, alitapika hata kabla ya kula, na kila kiatu alikiona kama viwili.

Mkewe alimleta kwangu Kariakoo, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa, na ndiye msomeshaji wa dini. Alitaka niafiki mumewe aende hospitali.

"Shemeji, tuliza moyo," nilimwambia. "Nitamwandikia kombe, anywe siku saba, kisha tutaona."

Niliandika aya kwa zafarani kwenye sahani, nikaziosha kwa maji ya mawaridi, akanywa. Kisomo sikijutii. Najutia lile neno "kisha."

Siku ya tano shingo yake ilikuwa imekakamaa kama mti. Siku ya saba alinitazama akaniita mama.

Hapo shemeji akalia. "Kaka, nilikuficha. Ana virusi vya UKIMWI, na dawa aliziacha zamani. Alisema amepona."

Hospitalini daktari alisema fangasi wameingia kwenye utando wa ubongo, na maji yaliyojaa kichwani yanaukandamiza. Alitaka kuyapunguza kwa sindano ya mgongoni. Akanipa karatasi nitie saini. Mtaani kwetu husemwa kwamba anayetolewa maji ya mgongo harudi nyumbani, na mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa ametolewa maji asubuhi. Mchana shuka lake lilikuwa limeshabadilishwa.

"Tungoje kesho," nilisema.

Muuguzi akaweka sinia chini. "Shikamoo, babu."

"Marahaba."

"Hawafi kwa sindano. Mnawaleta wamechelewa, halafu mnaisingizia sindano. Hiyo kesho, babu, umeahidiwa na nani?"

Miaka yote nimewafundisha watu jambo hilohilo. Nikatia saini. Maji yalitoka kwa kasi. Jioni mdogo wangu alifumbua macho, akasema, "Kaka, kichwa kimepungua."

Walimtoa maji mara kadhaa, huku dawa ikipita kwenye mshipa. Wodini walikufa wengine wenye ugonjwa huohuo, vijana kuliko yeye. Yeye, Alhamdulillah, alitoka hai. Macho hayakurudi; haoni tena.

Nyumbani kwake, siku moja baada ya alasiri, aliniuliza daktari alisemaje kuhusu macho.

"Alisema huenda yangepona ungefikishwa mapema."

"Nani alichelewesha?"

Shemeji alikuwa mlangoni. Aliinamisha kichwa, tayari kulibeba kosa yeye.

"Mimi," nilisema.

Nilingoja mdogo wangu anifukuze. Hakunifukuza, wala hajaniambia mpaka leo kwamba amenisamehe.