Machozi ya Mtu Aliyemuua Baba Mdogo

Watu wakisikia kwamba niliwahi kuimba kwaya gerezani, huniuliza kama mtu aliyeua anaweza kujuta kweli, au anatafuta tu mlango wa kutokea. Mimi huwasimulia habari za mama mdogo wangu, kwa sababu yeye alilazimika kulijibu swali hilo mbele ya mtaa mzima, tena siku ya Jumapili, mafuta ya maandazi yakiwa bado yako motoni.

Mama mdogo alikuwa mjane, na tuliishi naye Kolwezi katika mtaa wa wafanyakazi wa mgodi. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita wateja wa maandazi yake hata walio ndani ya nyumba zao. Mumewe, baba mdogo, alikuwa dereva wa lori. Alipeleka bidhaa za dukani Dilolo, mpakani mwa Angola, na kurudi na samaki wakavu na chumvi. Safari nyingine alipanda hadi Kapanga, kwa ndugu zake, kuchukua mahindi. Katika safari moja ya Dilolo, lori lilikwama kwenye matope mbele kidogo ya Kisenge, na hapo msaidizi wake alimpiga chuma cha kisogoni. Baba mdogo hakufika hospitali.

Msaidizi huyo alikuwa kijana wa mtaa wetu. Mama yake aliishi ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wa mama mdogo. Mahakamani alionyesha kovu kwenye paji la uso, akasema baba mdogo ndiye aliyeanza kumpiga. Majaji walimhukumu kwa kuua, lakini lile kovu lilimwokoa asinyongwe. Baba mdogo, ambaye hakuwepo kujitetea, akabaki na sifa ya mtu aliyekufa kwa ugomvi wake mwenyewe.

Labda msomaji atasema sifa ya marehemu haimzuii mtu kula. Ngoja nieleze. Kwa watu wa baba mdogo, mtoto anayezaliwa hupewa jina la mtu wa ukoo aliyetangulia, na wanaamini kwamba jina huja na tabia yake. Aliyekufa katika ugomvi alioanzisha mwenyewe jina lake haliguswi. Na hii ilikuwa miaka ile ya kwanza ya Zaire, serikali ilipotuambia tuyaache majina ya ubatizo na kuchukua ya mababu. Kila nyumba ilikuwa inachimbua babu. Majirani waliokuwa hawajui hata bibi yao alizikwa wapi sasa walikuwa na majina marefu ya kutisha. Jina la baba mdogo peke yake lilikaa bila mtu. Binti yake, binamu yangu, alikuwa na mimba ya kwanza, na wakwe wa mama mdogo kule Kapanga walikuwa wamekwisha kutuma neno kwamba tutafute jina lingine.

Katikati ya hayo ikaja habari: yule msaidizi aliyeua amepata msamaha wa sikukuu ya taifa na anataka kurudi kwa mama yake, ambaye macho yalikuwa yanamwishia. Shefu wa mtaa alisema hatamwandika kuwa mkazi mpaka mama mdogo akubali hadharani, Jumapili, uani kwake. Kama mjane atakataa, yule mtu atafute mji mwingine.

Mimi nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, na nilijiona najua mambo. Nilimwambia mama mdogo kwamba nilikwenda na kwaya gerezani, nikamwona mtu huyo kwa macho yangu analia mpaka shati limelowa. Aliendelea kukanda unga.

“Alikuwa analia juu ya bwana yangu, ao juu yake mwenyewe?”

Nilipolitafuta jibu usiku ule, nikaona nilipokosea. Machozi yale niliyaona kanisani gerezani, mbele ya padri, wiki chache kabla ya orodha ya msamaha kutoka. Na sisi sote tulikuwa na mazoezi ya kuonyesha moyo kwa amri. Kila asubuhi shuleni niliongoza watoto kuimba na kucheza kwa ajili ya Chama, na niliweza kutabasamu huku jino likiniuma. Kama mimi niliweza kucheka bila furaha, kwa nini mfungwa asiweze kulia bila majuto? Lakini tusikimbilie upande wa pili pia. Hilo halikuonyesha kwamba alikuwa anadanganya, maana mtu anaweza kuonyesha kitu kwa amri na wakati huohuo awe nacho kweli. Siku nyingine niliimba nikiwa na furaha ya kweli. Kuyatazama macho yake hakukuweza kunisaidia, basi.

Jumapili ikafika. Uani palijaa watu. Shefu alikaa kwenye kiti chenye mgongo na kumwita kila mtu sitwayen au sitwayene, yaani raia, hata bibi zetu. Mama wa yule mtu aliongozwa kwa mkono hadi kwenye mkeka. Yeye mwenyewe alisimama katikati, amekonda, kofia mkononi.

Kulikuwa na mtu mmoja zaidi ambaye lazima nimtambulishe. Ukoo wa mama mdogo ni wa mbuzi. Jirani yetu wa kushoto, mama mmoja muuza samaki, alikuwa wa ukoo wa chui. Mbuzi na chui ni watani. Chui anaweza kumwambia mbuzi neno lolote, hata kwenye msiba, na mbuzi haruhusiwi kukasirika. Naye mbuzi ana haki hiyohiyo. Jambo zito la mbuzi haliamuliwi bila chui kuwepo, kwa sababu yeye peke yake ndiye anayeweza kusema kile ambacho wengine wanakimeza. Mtani wetu alikuja mapema, akakaa karibu na karai la maandazi, na akawa anakula bila kulipa.

Yule mtu akaanza. Alisema shetani alimwingia. Alisema hasira ilimshika, giza likamfunika, mkono ukainuka. Alisema damu ya marehemu inamlilia. Sauti ikatetemeka, akapiga magoti, akalia kwa kwikwi. Wanawake kadhaa walianza kujifuta macho, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Hapo mtani akaweka andazi chini. Akaenda taratibu, akapiga magoti kando ya yule mtu, akalia. Nasema alilia. Alijiviringisha kwenye vumbi, akashika kichwa, akamwita marehemu kwa majina yote ya sifa, machozi ya kweli yakamshuka mpaka kidevuni. Kisha akanyamaza ghafla, akajipangusa kwa kitenge na kumgeukia shefu.

“Sitwayen shefu, mi nalia hivi kila kilio. Hata cha mutu sijue. Sasa, ni mimi niliua?”

Uani palipasuka kwa kicheko. Shefu mwenyewe alifunika mdomo. Mama mdogo alicheka mpaka akashika mbavu, akamwita mtani chui mwizi wa maandazi. Yule mtu alibaki amepiga magoti, hajui afanye nini na uso wake. Mtani akamwinamia, akamwita tata, yaani baba, na safari hii alisema polepole, kama mtu anayemsaidia mtoto kwenye hesabu:

“Tata, shetani haikuwa na mikono. Mikono ilikuwa ya nani?”

Kicheko kikaisha. Yule mtu akatazama upande wa mama yake, kisha akatazama chini. Alipofungua mdomo tena sauti ilikuwa nyingine, ya kawaida kabisa, karibu ya kuchosha.

“Yangu. Hakunipiga. Hata mara moja.”

Akaeleza. Kovu lile lilitokana na jeki. Lori lilipokwama alikuwa anainua gurudumu, mpini ukamtoka na kumrukia usoni. Baba mdogo alichana shati lake mwenyewe, akamfunga kidonda, akamkalisha kwenye kivuli. Baadaye yeye alikunywa pombe kali aliyoificha chini ya kiti, akataka kuendesha. Baba mdogo akakataa, akachukua funguo, na abiria wawili watatu waliokuwa wamepakiwa juu ya mizigo wakamcheka. Ndivyo tu. Baba mdogo alipomgeuzia mgongo ili aangalie gurudumu, alimpiga kwa mpini uleule. Abiria walikimbia, wala mahakama haikuwapata. Hakulia alipokuwa akisema haya. Alisahau hata kupangusa machozi ya mwanzo, yakamkaukia usoni na vumbi.

Mama mdogo alimwuliza kwa nini hakusema hivyo mahakamani.

“Niliogopa kamba, mama.”

“Na leo?”

“Leo naogopa yule, lakini nimesema.” Akaonyesha mama yake.

Nataka uelewe alichokuwa akikipoteza. Mama huyo, kwa miaka yote ya kifungo, alikuwa amesimama mbele ya mlango wake akimwambia kila mpita njia kwamba mwanawe alijitetea tu. Alikuwa amegombana na nusu ya mtaa kwa ajili ya kovu lile. Sasa alipapasa ukingo wa mkeka. Halafu akasema kwamba basi hata yeye alidanganywa, na kwamba mama mdogo akisema hapana, yeye atafunga mzigo na kuondoka naye, maana mtoto ni wake hata hivyo.

Wote tukamgeukia mama mdogo. Nilidhani atalia, ama atamkumbatia mtu. Yeye alifikiri kwa sauti, kama anavyofikiri mtu wa soko. Alisema maneno haya ni mazuri, lakini yamesemwa mahali ambapo kila mtu alimjua bwana yake na alimpenda. Wenye jina wako Kapanga. Aende huko, asimame mbele ya ndugu za marehemu, aseme vilevile, bila shetani. Akirudi, mlango wa mama yake uko wazi. Asiporudi, tutakuwa tumejua.

Shefu akauliza kama hiyo ina maana sitwayene anamwamini.

“Yeye, bado,” alisema mama mdogo. “Naamini hii alisema sasa. Hii ilimuumiza yeye. Ile ya kwanza ilituumiza siye.”

Yule mtu aliondoka kesho yake kwenye lori la mahindi. Barabara ya Kapanga wakati wa mvua si ya kumtakia rafiki, na mtaa ukaanza kubishana. Mtani alisema atakimbilia Angola, na akaahidi kuku kama atarudi. Mama mdogo alisema atarudi, ingawa nilimwona mara kadhaa akinyoosha shingo lori likipita. Wakwe walikuwa na visu na wana wao wakubwa. Kusema uongo kule kungekuwa rahisi zaidi kuliko huku, na kutokwenda kabisa kungekuwa rahisi kuliko yote. Tumbo la binamu yangu lilizidi kushuka. Nikaanza kuandika majina mengine pembeni ya maandalio yangu ya masomo, nikificha.

Alirudi siku ya salongo, kazi ya lazima ya mtaa, sote tukiwa barabarani na majembe tunasafisha mtaro. Alishuka lorini na jicho moja limevimba, na nyuma yake akashuka kaka mkubwa wa baba mdogo, mzee mrefu ambaye hakuwa amekanyaga kwetu tangu mazishi. Kuhusu lile jicho, mzee alisema wanawe walimsalimia kabla yeye hajafika, na kwamba baada ya hapo walimpa chakula. Alimshika mama mdogo mikono miwili. Akasema ukoo umesikia, na kwamba jina liko huru. Aliyefunga kidonda cha mwenzake kwa shati lake ni mtu ambaye mtoto anaweza kufanana naye.

Mtani alilipa kuku, akilalamika kwamba hajawahi kuona chui anayelisha mbuzi.

Mtoto alizaliwa, wa kike. Hilo halikumsumbua mtu, maana majina yetu hayaulizi kama mtu ni mume au mke. Kwa kuwa alibeba jina la mumewe, mama mdogo alianza kumwita bwana yangu, na mtaa mzima ulikuja kumsikia akimkaripia: bwana, mbona umekuwa mkojozi hivi, ulipokuwa na lori hukuwa hivi.

Yule mtu alipata kazi ya kupakua magunia sokoni. Kila jioni akipita na mama yake mkononi, alisimama mbele ya yule mtoto, akavua kofia na kumsalimu kama alivyokuwa akimsalimu baba mdogo asubuhi kabla ya safari: “Shefu, tuko tayari.” Mara nyingi mtoto alimjibu kwa povu la maziwa. Mama mdogo alikuwa akimtazama usoni kila mara, kwa makini, bila kuficha. Siku moja nilimwuliza anatafuta nini bado, baada ya yote hayo. Alisema hatafuti kitu, anaangalia tu, na kwamba salamu ya leo ilikuwa ya kweli. Kesho yake aliangalia tena.