Shaba Chini ya Nyumba ya Mama

Mwadi alikuwa mwanajiolojia katika kampuni moja ya madini hapa Kolwezi. Alikuwa akichukua vipimo vya mawe yaliyotolewa kwenye visima vya utafiti, kisha akichora kwa kompyuta umbo zima la mwamba wenye shaba, urefu, upana na kina chake, ili ijulikane ni tani ngapi zinaweza kuchimbwa.

Mwaka mmoja umbo hilo lilianza kuelekea mtaa alikozaliwa. Aliomba kisima kingine kitobolewe nyuma ya kanisa la mtaa huo, akitumaini kwamba mwamba ulikuwa umekwisha kabla ya kuzifikia nyumba. Jiwe likatoka la kijani kibichi, limejaa shaba. Alilishika mkononi, kisha akakiingiza kipimo chake kwenye kompyuta.

Jioni alikwenda kwa mama yake, Mama Adolphine, akamkuta uani akitwanga sombe, majani ya muhogo.

“Mama, shaba inapita huku chini yetu. Batatutosha hapa, batabomoa nyumba.”

“Nani aliona?”

“Ni mi.”

Mama akaacha mchi. “Ungebaambia tu hakuna kitu.”

“Jiwe iko pale, mama. Mutu yeyote anaweza kuipima.”

Mvua zilipokwisha, nyumba zilibomolewa. Mama Adolphine alihamishiwa kwenye uwanda mkavu nje ya mji, kando ya njia iendayo Nzilo, mbali na soko na majirani zake. Mwadi humtembelea Jumapili baada ya misa. Hupokewa vizuri, huandaliwa bukari, yaani ugali, na samaki, huulizwa habari za watoto. Habari za kazi, mama hamuulizi tena.