Akina Kalekye Watano Getini

Bwana ametubariki mimi na mke wangu wana wanne wa kiume, na kwa desturi yetu Wakamba, kila mmoja alimpa mwanawe wa kiume wa kwanza jina langu, Musyoka, na binti yake wa kwanza jina la mama yao, Kalekye. Tulipotimiza miaka arobaini ya ndoa, niliamua kumzungusha mke wangu bandarini Mombasa kwa meli, pamoja na ukoo wote. Familia ya watu kumi na watano au zaidi ilipunguziwa nauli. Sisi tulikuwa kumi na tisa! Nikaandika majina kwa fahari, nikayatuma kwa kampuni ya meli kwa posta kutoka kijijini kwetu Matinyani.

Getini karani akakunja uso. "Mzee, akina Musyoka watano? Hawa ni watu kweli?"

"Waite, kijana," nikasema, kifua mbele.

"Musyoka!" Tukajitokeza watano, mmoja akiwa mgongoni mwa mama yake. Abiria wakapiga makofi, nami nikamsifu Bwana kwa sauti.

"Kalekye!" Wakajitokeza watano. "Lakini hapa kwenye orodha wako wanne," akasema karani.

"Hesabu vizuri, kijana!" nikamkaripia.

Akanionyesha karatasi. Kalekye wa kwanza, chini ya jina langu, alikuwa amekatwa kwa mstari. Pembeni palikuwa na mwandiko wangu, naye akausoma wote wasikie: "Jina hili nimelirudia kwa makosa. Tafadhali lifuteni."

Mke wangu akatua kikapu chini. "Baba Mutuku, miaka arobaini yote, kumbe mimi ni kosa la kalamu?"