Mulango Yenye Nilijifungia

Hapa Kasungami bantu banaona niko nyumbani muchana yote, banasema muke wangu ndiye ananilisha. Baseme tu. Kazi niko nayo: ninaandika programu za kulinda kompyuta za kampuni moja ya mbali, pale ndani kabisa kwenye bezi ba mutandao banapenda kupita.

Hata sheria ya kuingia ku mashine zao ni miye niliiandika. Ukibadilisha mutandao mara tatu kwa siku moja, mulango inajifunga, na haifunguke mpaka mwenzako wa kazi akuone uso kwa video. Mwenzangu mumoja, mutu wa roho muzuri, aliuliza kwenye mukutano: na bale benye umeme inabakatikia? Nikajibu mbio mbio: hakuna ruhusa kwa mutu yeyote. Ekie, kusikia haya ni ugonjwa! Sikutaka bajue vile umeme ya kwetu inaenda na kurudi.

Siku moja, mukubwa wa kazi alikuwa ameisha kuniandikia: nikikosa tena mara moja, mukataba imekwisha. Kabla ya saa kumi ya jioni nilipaswa kuziba tundu moja ya programu yenye bezi balianza kuchungulia. Saa nane umeme ikaenda. Nikaingia na mutandao ya simu yangu, nayo ikakufa. Nikaomba simu ya jirani, ikakufa vilevile. Nikapanda pikipiki mpaka mutaa ya Karavia, kompyuta kifuani, nikaingia kwenye baa moja yenye jenereta na mutandao. Ile mbio ilinisahaulisha kuhesabu. Nilipofungua, ilikuwa mara ya tatu, na sheria yangu ikafanya kazi yake bila kosa.

Nikachaji simu kidogo ku jenereta, nikamupigia kwa video yule mwenzangu wa roho muzuri. Picha ilikataa kupita, sauti tu. Nikamueleza umeme, pikipiki, muke na batoto, kila kitu. Nikalia, miye mutu muzima, mbele ya banywaji ba bia.

Kisha akasema pole pole:

"Sauti inafanana na yako. Lakini ni wewe ulitufundisha: mwizi anapiga na haraka, laini mubaya, na machozi. Kama ni wewe kweli, unajua siwezi."

Nilijua. Ningekuwa pahali pake, ningekata simu zamani. Nikamuambia amejibu muzuri, nikakata, na saa kumi ikapita niko pale, kompyuta wazi mbele yangu.