Fungu la Kwanza la Kitabu cha Mwanamfalme

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya kujalidi vitabu pale mtaa wa Frogtown, Minnesota, msimamizi alinipa mfupa wa kukunjia karatasi akaniuliza kama naujua. Nilimcheka waziwazi. Nilikulia na mfupa huo katika kiwanda cha chapa Mombasa, chini ya Fundi Mkuu aliyepima kila mkunjo kwa ukucha na kututukana kwa Kiarabu. Huku Minnesota nilikuwa nimekwisha kunja mashuka ya hoteli mjini Bloomington miaka minne, mikono ikinililia karatasi.

Nyinyi mnaosoma kwenye simu hamjui kitabu kilivyoungwa. Kurasa hukunjwa pamoja zikawa fungu, mafungu yakashonwa kwa uzi, ndipo jalada likavishwa. Fungu likiota ukungu, desturi yetu ilikuwa kukata uzi na kulitoa, lisiyaambukize mengine. Likiwa la katikati, tuliuliza kwanza. Likiwa la mbele, lenye picha na sifa za mtu, hatukumuuliza yeyote.

Mwaka mmoja kabla sijastaafu, hekalu moja la Wathai lilituletea sanduku la vitabu. Orodha ilisema ni maandishi ya mwanamfalme wao, msomi wa zamani. Msimamizi wakati huo alikuwa Karanja, mtu wa Nakuru mwenye haraka zake.

“Mama Zuhura, hizi ni za yule prince. Fungu la mbele ikiwa na ukungu, toa tu, tu-finish leo.”

Kimoja kilikuwa nao. Nikakata uzi, fungu nikalitupa kwenye pipa la karatasi nje, nikaendelea na kazi.

Alhamisi ya wiki hiyo, mchana, akaingia mwanamke mwenye theluji mabegani, akajitambulisha kuwa Malee, mwenye mkahawa kule University Avenue. Mama yake alikuwa amefariki mjini Anoka, na mwili ungechomwa Jumamosi. Alitaka kunakili kurasa za mbele za kitabu alichokuwa amekitoa kwa hekalu.

Sikuelewa, akanieleza kwa upole. Kwao mtu akifa, waliokuja mazikoni hupewa kitabu. Mwanamfalme yule, aliyepanga upya utawala wa mikoa na kukusanya maandishi ya kale yasipotee, alihimiza kitabu hicho kibebe elimu: mbele maisha ya marehemu, nyuma andiko la kale. Ndivyo historia ya nchi ilivyoingia majumbani mwa watu.

“Hiki kilitolewa alipokufa bibi yangu, nyuma kikiwa na andiko la mwanamfalme,” alisema. “Alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji. Maisha yake hayakuandikwa mahali pengine, na picha yake ni hiyo moja. Nataka kitabu cha mama kianze naye.”

Ndicho kile nilichokikata. Karanja alinivuta pembeni.

“Mama, nyamaza. Tutasema ilikuja hivyo. Client ni hekalu, si yeye. Uki-admit, sisi wote tume-lose kazi.”

Nikanyamaza. Nakiri mbele yenu, nilinyamaza, nikiwaza kodi ya nyumba na umri wangu. Lakini lori la kuzoa karatasi taka lilikuwa likija saa kumi, na saa ukutani ilikuwa imebakisha dakika sita. Malee alikuwa bado anatabasamu, akingoja.

“Nimezikata mimi,” nikasema. “Ziko pipani nje, kama bado ziko.”

Hakupiga kelele. Alitoka mbio nami nikamfuata, na lori lilikuwa limewahi kufika, limekwisha kuliinua pipa. Aliyemsimamisha dereva ni Karanja, wallahi, amesimama mbele ya lori bila koti, mikono juu. Tulimwaga karatasi zote kwenye barafu, tukapekua kwa magoti mpaka vidole vikafa ganzi.

Fungu tulilipata likiwa limelowa theluji. Ijumaa kutwa nilizibandua kurasa moja moja, nikizikausha kati ya karatasi za kunyonya maji. Maandishi yote yalipona. Picha, iliyochapwa kwenye karatasi ya kung’aa, iliganda na ukurasa wa pili. Nilipoibandua, uso ulibanduka wote.

Kazi hatukufukuzwa. Nilistaafu mwaka uliofuata kwa keki na makofi, na tangu hapo nimewaza sana juu ya mwanamfalme yule. Alijua watu watahifadhi elimu kwa sababu wanampenda marehemu wao. Mimi niliyeshika vitabu miaka thelathini nilimtupa marehemu nikabakiza elimu, nikajiona fundi.

Jumamosi ile ya mazishi nilikwenda hekaluni. Malee alinipa nakala ya kitabu cha mama yake kwa mikono miwili. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina la bibi yake, na juu yake fremu tupu.

“Wewe ndiye mtu wa mwisho kuiona ile picha,” aliniambia. “Mimi niliiona nikiwa mdogo, nimesahau. Alifananaje?”

Nilitaka kumdanganya, nikashindwa. Nilipokuwa nakata, nilikuwa natazama uzi.