Mkufu Uliotoka Majini

Nilipokuwa mtoto, sikumwogopa mtu wala mnyama kama nilivyomwogopa Mamba Muntu, yule mwanamke wa ziwani mwenye mkia wa samaki. Koko, mama yake baba, ndiye aliyenifundisha kumwogopa. Tulipokwenda kufua, alitukataza kuokota chochote kilicholetwa na maji, iwe kitana, kioo au hata kifungo. Kilichozama, alisema, kimeshapata mwenyewe, na mwenyewe hukifuata. Baya zaidi ni bibi harusi kukivaa. Siku hizi nikiwasimulia wenzangu wa kazini tunacheka. Wakati ule nilikuwa na miaka tisa.

Mwaka huo yaya wangu Ester, dada yangu mkubwa, alikuwa anaolewa. Gauni lilikuwa tayari, jeupe, la shingo wazi, yakabaki mapambo ya kulikamilisha. Jumamosi moja alinichukua mpaka kwa Mama Zuhura, aliyeleta vitu vya harusi kwa boti kutoka Kigoma. Tulikaa pale asubuhi nzima. Ester alijaribu shela ndefu, akaiacha, akachukua fupi. Taji alilikataa.

"Litanifanya kama mutoto wa komunio," alisema.

Hereni alibadilisha mara nne. Shida ilikuwa shingo. Kila mkufu ulikuwa mzito mno au wa njano mno, mpaka Mama Zuhura alipotoa mmoja kwenye katoni ya chini, wenye safu mbili za lulu ndogondogo. Ester aliuvaa, akajitazama kwenye kioo.

"Huu njo wenyewe."

Mama Zuhura hakuwa mtu wa kuficha. "Mwanangu, nikuambie ukweli. Boti ilipigwa na mawimbi, katoni hii ikaanguka majini. Waliipata kesho yake. Nimeiosha mikufu yote, iko mizuri."

Nikamvuta Ester tuondoke, lakini akalipa. Ester alinishika mkono kwa nguvu, na njiani akainama mbele yangu. "Furaha, usimwambie Koko. Ukisema, utakuwa umeniharibia harusi yangu."

Nikaapa. Siku nane sikula vizuri. Nilimtazama Ester akienda kuoga, nami nikasimama nje ya bafu nikimsikiliza mpaka atoke.

Asubuhi ya harusi nyumba ilijaa watu. Shangazi yake bwana harusi alikuwa ameketi chumbani, tayari kumpeleka bibi harusi kanisani. Mama alipoufunga ule mkufu, kishikizo chake, ambacho kilikuwa kimeanza kushika kutu, kilimkwaruza Ester. Tone la damu likashuka shingoni.

Nikapiga kelele: "Ulitoka mu maji! Koko, huo mukufu ulitoka mu maji!"

Koko, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, akainuka.

"Vua," Koko akasema.

"Sivui, Koko. Leo ni siku yangu. Hizi hadithi nimezichoka."

Shangazi akasimama. "Kesho tunapanda naye boti kurudi kwetu Fizi. Kama hauvui, mimi simpeleki kanisani."

Mama akaanza kulia. Nje baba alikuwa anaita, padri anangoja. Ester aliniangalia kwa macho ambayo sijayasahau.

Ndipo Koko akafanya jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Alikaa chini, miguuni pa mjukuu wake.

"Nilikuwa na mudogo wangu, Adela," alisema. "Tulikuwa tunamutayarisha kuolewa. Mimi njo niliokota shanga kwenye muchanga, mimi njo nilimuvalisha. Siku ya tatu akaenda kuoga ziwani. Hatukumupata. Sikuombi uamini, mama. Nakuomba unihurumie."

Hata baba hakuwahi kulisikia jina hilo.

Ester aliuvua mkufu, akauweka mezani. Mama alifuta damu, akavuta shela ifunike mkwaruzo. Ester alikwenda kanisani shingo tupu, na wanaoziona picha husifu kwamba alijua kuchagua.

Boti yao ilifika salama. Lakini hakunisemesha mpaka alipojifungua mtoto wake wa kwanza. Miaka mingi baadaye nilimuuliza kama aliogopa.

"Hapana. Nilimwona tu Koko, kumbe aliibeba ile huzuni peke yake miaka yote."

Koko aliishi miaka mitatu zaidi, na hapakupita juma bila kumtaja Adela, jinsi alivyocheka akiwa na chakula mdomoni, jinsi alivyokuwa mvivu wa kutwanga. Tulimsikiliza. Kama kuna mtu chini ya maji, sijui mpaka leo. Ninachojua ni kwamba bibi yetu alizeeka katikati yetu akijihukumu kwa kifo ambacho hakukisababisha, na hakuna aliyemuuliza. Kiapo changu kwa Ester nilikivunja kwa woga tu, sitajisifu. Lakini sijawahi kutamani ningekitunza.