Prefe Aliyezikimbia Mbio Zetu

Prefe wetu alikuwa mtu wa kudharauliwa, nami nilimdharau tangu siku ile aliposimama mbele yetu na kutuambia kwamba Kiswahili ni lugha ya sokoni. Yeye mwenyewe alitukemea kwa Kiswahili, aliagiza mandazi kwa Kiswahili, na nina hakika aliota kwa Kiswahili. Lakini kwa mambo ya maana, alisema, kuna Kifaransa. Ndiye aliyekuwa mkuu wa shule yetu ya sekondari hapa Goma, mtaa wa Murara. Alivaa koti hata jua la saa sita, na mfukoni mwa koti hilo mlikaa muhuri wa shule, ambao sisi tunauita kashe. Hakumwachia mtu yeyote kashe ile. Hata katibu wake aliiomba kwa adabu zote na kuirudisha mbiombio.

Mwaka huo vita vilikuwa vimerudi upande wa Masisi, na kila wiki familia mpya ziliingia mjini kwa barabara ya Sake na magodoro kichwani. Shule zilifungwa majuma kadhaa, kisha zikafunguliwa, na prefe, ili aonyeshe kwamba maisha yanaendelea, akaamua mashindano ya mbio ndefu yaanze kama kawaida. Mbio za kwanza za msimu zingetoka Lac Vert, nje ya mji upande wa magharibi, hadi uwanja wa shule yetu. Shule tatu, watoto thelathini na kitu, wavulana na wasichana pamoja kwa sababu hatukutosha timu mbili. Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyejiuliza itakuwaje watoto thelathini wakitimua mbio kuingia mjini kwa barabara ileile ya wanaokimbia vita. Wala mimi sikujiuliza. Nilikuwa na kazi ya kujiona bingwa.

Na kweli nilikuwa bingwa, mpaka alipokuja yule msichana. Alitoka vilima vya Masisi, kwa watu wanaolima na kufuga, na alikaa na mama yake kambini. Sisi watoto wa mjini, wana wa makarani na wafanyabiashara, tulimcheka kwa viatu vyake vya plastiki na kwa jinsi alivyosalimia kila mtu kwa mikono miwili. Kisha tukaenda mazoezini, akatuacha sote nyuma, na kicheko kikatukauka mdomoni. Mimi sikumsamehe kwa hilo.

Shida yake ilikuwa buletini, ile karatasi ya matokeo ya mwaka uliopita. Bila buletini prefe hakuandikishi, na shule aliyosoma msichana huyu ilikuwa imechomwa moto pamoja na makabati yake yote. Alikuwa akikaa darasani kama mgeni, benchi la mwisho, bila jina kwenye orodha.

"Mutoto bila buletini haiko mwanafunzi," prefe alimwambia mama yake mbele yetu.

"Papa Prefe, shule yote iliungua."

"Basi mulete majivu."

Alicheka peke yake. Walimu waliangalia chini. Mwalimu wetu wa michezo, ambaye kwa kawaida hakuthubutu hata kukohoa mbele yake, akasema kwamba msichana huyo angeweza kuiletea shule nafasi ya kwanza. Prefe alipenda nafasi ya kwanza kuliko alivyopenda haki. Akatamka mbele ya walimu wote: akiwa wa kwanza siku ya ufunguzi, nitamwandika na kumpigia kashe. Kuanzia hapo yule msichana alikimbia asubuhi na jioni, na mama yake akawa anakuja kusimama kando ya uwanja na kumtazama.

Halafu zikaja fulana. Prefe alitaka watu wa barabarani wajue sisi ni nani, na kwa kuwa watu wa barabarani hawasomi Kifaransa, alijishusha akaandika neno la Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe. Fundi wa kuchora mabango alilisoma mara mbili.

"Papa Prefe, ni WAKIMBIZI kweli?"

"Si banakimbia? Andika!"

Alitaka kusema wakimbiaji, maskini. Basi tukavishwa fulana nyeupe zenye neno WAKIMBIZI kifuani kwa rangi nyekundu, na jina la shule chini kwa herufi ambazo ungezisoma ukiinama. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Yule msichana alivaa ya kwake akasema tu, "Miye, hata bila hii triko, banajua."

Filimbi ikalia. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri, kama unaweza kuita vizuri kumwona msichana wa viatu vya plastiki akikuacha katika kilomita ya pili. Mawe ya volkano yalitukata nyayo na vumbi likatujaa kooni. Tulipokaribia Ndosho, mama mmoja mwenye nyanya alisimama, akasoma vifua vyetu, akatazama tulikotoka.

"Batoto, munakimbia nani?"

"Hatukimbie mutu, mama! Tunakimbia tu!" nilimjibu.

Sijawahi kutoa jibu la kijinga kama hilo. Watoto thelathini wanatoka upande wa Sake wakihema, wameandikwa wakimbizi, na hata hawajui wanamkimbia nani. Mama alikusanya pembe nne za kitambaa chake, nyanya na yote, akawa mguu niponye. Kisha yule wa pembeni yake. Kisha milango ya maduka ikaanza kufungwa, na vijana wa chukudu, ile mikokoteni yetu ya mbao ya magurudumu mawili, wakamwaga makaa barabarani ili wageuze upesi. "Batu banakimbia! Batu banakimbia!" Baada ya dakika chache mtaa mzima ulikuwa mbele yetu, na ungetuona ungesema ni sisi tunaowafukuza.

Wenzetu wa shule nyingine walipoona watu wazima wanakimbia, nao wakaanza kukimbia kweli. Huyu alikatiza uchochoro kwenda kwao, yule aliingia nyumba ya watu. Mimi nilisimama katikati ya barabara, bingwa wa Murara. Msichana aligeuka akanipigia kelele: "Vita haiko! Ni shiye! Banakimbia shiye!" Akaendelea. Yeye alijua jinsi vita vinavyosikika, na alikuwa na mahali pa kufika. Nikamfuata kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu.

Nilipoingia uwanjani nilimkuta ameketi kwenye kiti cha prefe, amevua viatu, anatoa kijiwe kisiginoni. Hapakuwa na mtu mwingine ila mama anayeuza mandazi langoni. Ndiye aliyetusimulia: prefe aliposikia kelele hakuuliza hata swali moja, alipanda ukuta upande wa vyoo, na koti lake lote. Mezani aliacha daftari la majina, saa na chupa ya maji. Watoto wake thelathini aliwaacha barabarani. Kashe alikwenda nayo.

Alirudi baada ya saa nzima, koti limechanika bega, akasema alikuwa amekwenda kuchunguza hali ya usalama. Macho makavu kabisa. Walimu walianza kurudi mmojammoja, naye akaketi, akafungua daftari.

"Nani alifika wa kwanza?"

"Ni miye, Papa Prefe," msichana akajibu.

"Nani alikuona?"

"Ni ule mutoto mwanamuke," mama wa mandazi akasema. "Nilimuona na macho yangu."

"Mama, wewe uza mandazi yako."

Akanigeukia mimi. Nilijua anachotaka: asimwandike mtu asiye na karatasi, wala asionekane amevunja ahadi. Nilijua pia kwamba wa kwanza angepelekwa Bukavu kushindana na shule za huko, na Bukavu ndiko kwetu, ndiko alikokaa bibi yangu. Maneno mawili tu yalihitajika, ni yeye. Mwalimu wa michezo alinitazama kama mtu anayeomba.

"Tulifika karibu sawa, Papa Prefe."

Uso wake ukang'aa. Alipata neno lake la maana. "Ex aequo!" akasema, yaani sare. "Kama muko sawa, basi wa kwanza ni mwenye iko na buletini."

Msichana hakulia wala hakumtazama prefe. Alinitazama mimi, akasema polepole, kama anayemsahihisha mtoto hesabu: "Ulikuwa ungali mbali sana. Miye niliisha hata kunywa maji." Kisha kashe ikapigwa kwenye karatasi, na jina lililokuwa chini yake ni langu.

Nimemcheka prefe miaka yote hii, kwenye arusi na kwenye misiba, na kila mara watu wanataka nirudie pale anapopanda ukuta. Siendelei mbele ya hapo. Yeye alikimbia vita alivyodhani ni vya kweli. Mimi sikuwa na hata kisingizio hicho.

Jumatatu msichana alifika darasani, akatolewa nje, akaenda akiwa ameshika daftari zake kwa mikono miwili. Sikumwona tena. Mwezi uliofuata nilipanda meli hadi Bukavu, nikakimbia, nikashika mkia. Bibi yangu alikuwa ameshachinja kuku kwa ajili ya mjukuu wake aliyekuwa wa kwanza Goma nzima, nami nikala, nikaongezewa, nikala.